UZI: Maua ya kuning'inia yanayokataa kushuka. Tuongee mwanga, uzito na namna ya kuelekeza mashina

#1 Majani_ya_Himbi (Goma)

Wandugu wapenda maua, salamu kwenu wa Goma, Bukavu, Lubumbashi na popote mlipo.

Nafungua uzi huu kwa sababu swali hili linarudi kila mara. Mtu ananunua pothosi, analiweka juu ya kabati la saloni au analitundika barazani, akitegemea litashuka hadi usawa wa meza. Mashina yanatoka kwenye chungu, yanajikunja na kutazama dari. Anayavuta, yanakatika. Akiuliza anaambiwa "subiri, bado ni dogo". Kusubiri kunasaidia kidogo tu, mengine lazima uyafanye mwenyewe.

Tuanze na mmea wenyewe. Pothosi, kwa jina la kitaalamu *Epipremnum aureum*, asili yake ni kisiwa cha Mo'orea, Polinesia ya Ufaransa. Huko unapanda miti. Tazama kifundo chochote cha shina lake (pale jani linapotokea) utaona kijipele cha kahawia: huo ni mzizi hewa unaotafuta gome la kushika. Hata filodendroni ya majani ya moyo iko hivyo. Mimea hii inaning'inia kwa sababu haijapata pa kushika na uzito umeishinda. Ukilielewa hilo, hutakasirikia ua lako tena.

Shina linaongozwa na mambo mawili. La kwanza ni mwanga. Charles Darwin na mwanawe Francis walionyesha mwaka 1880 kwamba ncha ndiyo inayohisi mwanga: walipofunika ncha za miche michanga ya nyasi, miche haikuinama tena. Mwaka 1928 Mholanzi Frits Went akathibitisha kuwa kuna kitu kinachoteremka kutoka kwenye ncha, ndicho kichocheo cha ukuaji tunachokiita oksini. Mwanga ukija upande mmoja, oksini inajaa upande wa kivuli, chembe (seli) za upande huo zinarefuka kuliko za upande mwingine, na shina linainamia kwenye mwanga.

La pili ni mvuto wa dunia. Ndani ya shina kuna chembe zenye punje nzito za wanga. Ukililaza shina, punje zinatua upande uliogeuka kuwa chini, oksini inaelekea huko, upande huo unarefuka na ncha inainuka.

Kwa hiyo ncha ya pothosi itainuka daima. Hata lile linalopendeza kuliko yote, lenye mashina ya mita mbili, ukilitazama vizuri utakuta sentimita chache za mwisho zimejikunja kwenda juu. Ziache. Hiyo ni afya. Kinachotakiwa kushuka ni sehemu ya nyuma, iliyokwisha kukomaa, na hiyo inashushwa na uzito wa majani yake. Kazi yetu ni kuhakikisha mwanga haupingani na huo uzito.

Na hapo ndipo nyumba zetu nyingi zinapokosea. Ukiweka ua chini ya dirisha lililo juu, au chini ya lile bati la kupitisha mwanga ambalo wengi wameweka katikati ya paa, mwanga na mvuto vyote viwili vinaiambia ncha ipande. Hutashinda. Lihamishe ua, chungu kiwe usawa wa sehemu ya juu ya dirisha, mwanga uingie kutoka ubavuni na chini yake. Lakini kisipite fremu ya dirisha kwenda juu, maana pale kwenye udongo panapotoka mashina panahitaji mwanga pia. Pasipopata, ua linabaki na kipara juu na majani huko chini tu.

Neno moja kuhusu madirisha. Video za Ulaya zinasema "weka dirisha la kusini". Msizifuate. Sisi Goma tuko chini kidogo ya nyuzi 2 kusini ya ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua la adhuhuri linapita kaskazini, upande wa volkano ya Nyiragongo, miezi mingine linapita kusini, upande wa ziwa Kivu, na siku zote liko karibu na utosi. Dirisha la mashariki ndilo rafiki wa mwaka mzima. La magharibi lina jua kali la saa tisa, linachoma majani yenye madoa meupe, kwa hiyo rudisha ua nyuma kama mita moja.

Karibuni, ulizeni, na wenye uzoefu waongeze.

#2 Neema_wa_Katindo

Aksanti sana Yaya. Langu liko dirishani vizuri kabisa, upande wa mashariki, lakini mashina yamesimama wima kwenye chungu. Yana urefu wa kiganja. Niyafunge na uzi?

#3 Majani_ya_Himbi

Mdogo wangu, urefu wa kiganja ni mapema. Acha yafike kama sentimita 30, ndipo yaanze kulemewa yenyewe. Yakifika hapo unaweza kuyasaidia, lakini usivute ncha. Fanya hivi.

Chagua siku ambayo udongo umekauka na ulikuwa unataka kumwagilia. Usimwagilie kwanza. Shina lililojaa maji ni gumu na linakatika pap! Lenye kiu kidogo linakunjika bila shida. Lilaze polepole hadi kwenye ukingo wa chungu, kisha libane hapo kwenye udongo na pini ya nywele iliyokunjwa, au kipande cha waya laini chenye umbo la U. Bana kati ya majani mawili, karibu na kifundo, na kifundo kiguse udongo. Halafu ndipo umwagilie.

Kama shina ni nene, usilimalize siku moja. Leo nusu, baada ya siku mbili tatu nusu nyingine. Katika majuma yanayofuata shina litakomaa katika ule mkunjo na pini haitakuwa na kazi tena. Faida ya pili: kifundo kilichoguswa na udongo kinatoa mizizi, na mara nyingi chipukizi jipya linatokea palepale. Chungu kinajaa. Mimi pini siziondoi haraka kwa sababu hiyo.

#4 Mzee_wa_Birere

Binti yangu, umeeleza vizuri. Ila sisi zamani tulitumia kitu rahisi. Unafunga nati ndogo ya chuma kwenye ncha ya kila shina, juma moja tu, linashuka. Nimefanya hivyo kwenye maua ya kanisa miaka mingi.

#5 Majani_ya_Himbi

Papa, naheshimu uzoefu wako, na najua maua ya kanisa yanapendeza. Kwenye ncha ndipo ninapokataa. Pale tishu ni laini, uzi unakata ngozi ya shina, na ncha ikiumia shina linaacha kurefuka. Tena ukiondoa nati, ncha inarudi juu kwa sababu ile ya punje za wanga.

Kama mtu anataka uzito, aweke kibanio cha nguo cha mti kwenye sehemu iliyokomaa, vifundo vitatu au vinne kutoka kwenye ncha, na asikibane kwenye kikonyo cha jani. Siku chache zinatosha. Ncha ibaki huru.

#6 Mzee_wa_Birere

Nimekubali kuhusu ncha. Lakini kwa tradeskantia, ile ya milia yenye rangi ya zambarau kwa chini, hakuna haja ya nati wala pini. Ile inashuka yenyewe. Wenzetu wachague mmea unaotaka kushuka, wasipigane na unaotaka kupanda.

#7 Majani_ya_Himbi

Papa umesema jambo ambalo ningepaswa kuliweka juu kabisa!

*Tradescantia zebrina*, asili ya Meksiko, ni ya kutambaa ardhini. Ukiiweka juu inamwagika yenyewe, na ikikatika ukiichomeka kwenye udongo inaota. Klorofitumu, yenye majani membamba ya mstari mweupe, ni mmea wa Afrika hii hii yetu: inatoa vikonyo virefu vyenye watoto kwenye ncha, na uzito wa watoto unavishusha. *Ceropegia woodii*, yenye vijani vidogo vya umbo la moyo kwenye mashina membamba kabisa, ni ya kusini mwa Afrika. Hiyo inashuka wima bila kuguswa, maana shina lake halina nguvu ya kusimama. Inataka mwanga mwingi, udongo wa kukauka haraka na maji kidogo.

Pothosi lina sifa nyingine mnayopaswa kuijua kabla ya kulinunua. Likining'inia, majani yanakuwa madogo zaidi na zaidi kadiri shina linavyoshuka, na nafasi kati ya jani na jani inaongezeka. Likipanda, majani yanakua. Kwenye miti ya nchi za joto jani moja linaweza kukaribia mita moja na kupasuka pembeni, hata hulijui kuwa ni lile lile la saloni. Anayetaka majani makubwa ampe pothosi nguzo. Anayetaka pazia la majani madogo alishushe. Huwezi kupata yote mawili kwenye shina moja.

#8 Kijani_Bukavu

Salamu kutoka Nguba. Yaya, nina mgogoro na maelezo ya mwanga. Ua langu liko juu ya kabati, dirisha liko mbele. Mashina mawili yameshuka vizuri upande wa dirisha. Shina la tatu limekwenda NYUMA ya kabati, gizani, limeshika ukuta. Kama linafuata mwanga, kule linatafuta nini?

#9 Majani_ya_Himbi

Swali zuri sana, na jibu lake ni moja ya mambo ninayoyapenda kuliko yote katika habari za mimea.

Mwaka 1975 wataalamu wawili, Donald Strong na Thomas Ray, waliandika kuhusu aina moja ya monstera, mmea wa kupanda miti, katika misitu ya Kosta Rika. Mche wake mchanga ukiota chini hautambai kuelekea kwenye mwanga. Unatambaa kuelekea kwenye giza. Msituni, sehemu yenye giza zaidi mbele yako ni shina la mti mkubwa, na mti ndio mche unaoutafuta. Ukishaufikia na kuupanda, ndipo unabadilika na kuanza kufuata mwanga.

Monstera na pothosi ni wa familia moja. Sisemi kwamba shina lako linafanya hesabu ile ile, ila usishangae mmea wa kupanda ukiingia kwenye ufa. Na likishagusa ukuta, mizizi hewa inashika, halitoki tena bila kuacha alama kwenye rangi. Dawa yake: chungu kisikae kwenye ukingo wa nyuma. Kisogeze mbele hadi mdomo wake ufike ukingoni mwa kabati upande wa dirisha, na nyuma yake pabaki nafasi ya kiganja pasipo na cha kushika. Hilo la tatu likate kabla ya pale liliposhika ukuta, gawanya vipande vyenye kifundo kimoja au viwili, weka kwenye glasi ya maji. Vikitoa mizizi virudishe kwenye chungu hicho hicho, upande wa mbele.

#10 Kijani_Bukavu

Aksanti. Na nikikata, lililobaki halifi?

#11 Majani_ya_Himbi

Halifi, linachipua. Oksini inayoteremka kutoka kwenye ncha ndiyo inayoyafanya machipukizi ya pembeni yalale. Ukiondoa ncha, chipukizi la chini yake linaamka. Kata juu kidogo ya kifundo, usiache kijiti kirefu. Ndiyo njia nzuri ya kupata chungu kilichojaa: mashina mengi mafupi kwanza, ndipo uyaache yarefuke pamoja. Mashina mawili ya mita tatu hayapendezi hata yakishuka sawasawa.

#12 Lushois_mpenda_maua (Lubumbashi)

Wandugu wa Kivu, nyinyi mna bahati ya unyevu. Huku kwetu msimu wa ukame, Mei hadi Septemba, mashina yangu ya pothosi yanasimama kabisa. Hayashuki, hayapandi. Mwezi wa sita nimejaribu kukunja moja kama ulivyosema, likakatika ijapokuwa udongo ulikuwa mkavu.

#13 Majani_ya_Himbi

Ndugu, Juni na Julai usiku wa Lubumbashi unaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Pothosi likiwa chini ya nyuzi 15 hivi halikui. Shina lisilokua halina sehemu laini ya kukunjika, ni gumu tangu juu. Acha kazi ya kuelekeza hadi joto lirudi Septemba na Oktoba, na usikunje asubuhi likiwa bado na baridi.

Msimu huo fanya mambo mawili tu: punguza maji, na futa vumbi kwenye majani kwa kitambaa chenye unyevu, maana vumbi linakula mwanga.

Kuhusu madirisha, hesabu yenu si ya Goma. Nyinyi mko karibu nyuzi 12 kusini, kwa hiyo jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini kuanzia nusu ya pili ya Februari hadi karibu mwisho wa Oktoba. Wakati wa baridi dirisha la kaskazini ndilo lenye joto na mwanga. Sogeza ua hapo.

#14 Lushois_mpenda_maua

Sasa nimeelewa kwa nini la jirani, upande wa kaskazini, halikusimama. Aksanti.

#15 Mama_Ndosho

Mimi swali langu ni klorofitumu. Watoto wameshuka vizuri, lakini ncha za majani zinakuwa za kahawia, kavu. Na kwa kuwa zinaning'inia usawa wa macho, kila mgeni anaziona. Namwagilia maji ya mvua ya bati, safi kabisa.

#16 Majani_ya_Himbi

Mama, upande wenu wa magharibi ya mji maji ya mvua si safi kama yanavyoonekana. Moshi wa Nyiragongo una floridi, na upepo mara nyingi unausukuma kuelekea huko. Mvua ikipita ndani ya moshi inaishusha. Klorofitumu ni kati ya mimea inayoumizwa haraka na floridi: inakusanyika kwenye ncha za majani na kuziua.

Maji ya ziwa nayo si ya kukimbilia. Kivu ina madini mengi yaliyoyeyuka ndani yake, na mkimwagilia nayo muda mrefu mtaona utando mweupe kwenye ukingo wa chungu.

Ninavyofanya mimi: mvua ikianza, yale maji ya kwanza yanayoosha bati na hewa siyaweki kwenye bidoni, naacha yapite. Nakinga baadaye, mvua ikiwa imeshika. Na kila mwezi namwaga maji mengi mfululizo kwenye chungu hadi yatoke chini kwa wingi, yaondoke na chumvi. Kwa chungu cha kuning'inia lazima ukishushe kwanza, ukifanye nje. Chokaa kidogo ya kilimo kwenye udongo pia inapunguza floridi inayoingia kwenye mmea. Ncha zilizokufa hazifufuki, zikate kwa mkasi kufuata umbo la jani.

#17 Fundi_Majengo

Naomba niingie kama fundi. Watu wanapigilia msumari kwenye dari ya tripulekisi (plaiwudi) na kutundika chungu cha udongo uliolowa. Jamani! Tripulekisi haibebi kitu. Tafuta mti wa paa wenyewe, gongagonga hadi usikie sauti nzito, toboa, weka ndoano ya kuskurubu, si msumari. Na hapa Goma ardhi inatetemeka. Mnakumbuka siku zile baada ya mlipuko wa Nyiragongo wa Mei 2021. Ndoano iwe imefungwa mdomo, chungu kisiruke. Kisitundikwe juu ya kitanda wala pale watoto wanapolala.

#18 Majani_ya_Himbi

Fundi, Mungu akubariki. Naongeza la uzito: tuna changarawe ya volkano bure mlangoni, yenye matundu, nyepesi kuliko kokoto za kawaida. Ichekeche upate vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, ioshe vumbi, changanya theluthi moja na udongo. Ichanganywe, isiwekwe tabaka chini ya chungu. Tabaka la mawe chini halikaushi udongo, linafanya maji yasimame juu yake na mizizi inakosa nafasi. Cha lazima ni tundu chini ya chungu.

Mkumbuke pia karibu na bati pana joto la kutosha saa sita mchana. Chungu cha juu kinakauka mapema kuliko cha mezani. Ingiza kidole, usihesabu siku.

#19 Neema_wa_Katindo

Yaya, lingine. Nyumbani kuna mtoto anayetambaa. Yakishuka hadi chini si atayala?

#20 Majani_ya_Himbi

Mdogo wangu, usikubali yafike chini. Pothosi na filodendroni zina vijisindano vya oksalati ya kalsiamu ndani ya jani. Mtoto akitafuna, mdomo na ulimi vinawaka na kuvimba, na mbuzi, paka au mbwa wanaumia vilevile. Akitafuna, mfute mdomo, mpe kitu baridi cha kunywa, na kama anapumua kwa shida kimbilia kituo cha afya. Kata mashina juu ya mahali mkono wake unapofika akiwa amesimama, si akiwa anatambaa, maana baada ya miezi michache atasimama. Unavyovikata unajua pa kuvipeleka: glasi ya maji, kisha chunguni.

#21 Kijani_Bukavu

Moja la mwisho kwangu. Nina hoya. Imetoa kamba mbili ndefu hazina jani hata moja, zinazungukazunguka hewani. Nizikate ili ishuke vizuri?

#22 Majani_ya_Himbi

Usikate! Hoya inatanguliza shina tupu likitafuta pa kujizungusha, majani yanakuja baadaye kwenye vifundo hivyo hivyo. Lilaze juu ya ukingo wa chungu lishuke, majani yakitoka yatalishikilia huko kwa uzito wao. Na likishachanua, kile kikonyo kifupi kilichobeba maua usikiondoe yakianguka. Hoya inachanua tena palepale.